Miguu Iliyovimba Mogadishu: Uchambuzi wa Kisa cha Upungufu wa Vitamini B1

Kuanzia tarehe 26 Aprili 2009, baadhi ya wanajeshi wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu walianza kuvimba miguu. Uvimbe haukuja peke yake. Mmoja alihema kwa shida, mwingine moyo ulimwenda mbio, mwingine kifua kilimbana, wengine walitapika, tumbo liliwauma au kichwa kiliwagonga, na wapo waliokuwa na homa. Kufikia Mei mosi 2010 walikuwa wamehesabiwa wanajeshi 241, wote wamevimba miguu na kila mmoja ana angalau dalili moja zaidi juu ya uvimbe huo. Wanne walifariki. Wasiopungua 52 walisafirishwa kwa ndege kwenda hospitali za Kenya na Uganda.

Ugonjwa ulikuwa beriberi, yaani upungufu wa vitamini B1 ambayo pia huitwa thiamini. Dawa yake ni ya bei ndogo na haina uhaba. Hata hivyo, kati ya mgonjwa wa kwanza na siku Shirika la Afya Duniani lilipopewa taarifa, mwezi Julai, ilipita zaidi ya miezi miwili, na taarifa yenyewe ilisema ni ugonjwa usiojulikana. Kwa nini maradhi ya kale hivi, yenye tiba rahisi hivi, yaonekane mageni mbele ya madaktari wa jeshi na wa hospitali kubwa? Swali hilo ndilo linalonifanya nikione kisa hiki kuwa na mafunzo mengi kuliko vitabu vya lishe vyenye picha za watoto waliokonda. Wagonjwa hawa walikuwa wanaume wazima, waliopimwa afya kabla ya kutumwa vitani, waliokuwa wakipewa chakula kila siku.

Mji wenyewe

Kikosi hicho cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, AMISOM, kilianza na Waganda mwezi Machi 2007, Warundi wakaongezeka kuanzia Desemba mwaka huohuo. Mwezi Januari 2009 majeshi ya Ethiopia yaliondoka Somalia, na mwezi Mei wapiganaji wa Al-Shabaab na Hizbul Islam wakaanzisha mashambulizi makubwa ndani ya Mogadishu. Wanajeshi wa Umoja wa Afrika, ambao hesabu yao mwaka ule ilikuwa kama elfu tano, walishikilia uwanja wa ndege, bandari, ikulu na barabara inayounganisha sehemu hizo kupitia makutano ya Kilomita 4. Nje ya hapo walikuwa ndani ya shabaha. Tarehe 17 Septemba 2009 makao yao makuu yalilipuliwa na wapiganaji wa kujitoa mhanga. Walinda amani 17 waliuawa, miongoni mwao naibu kamanda wa kikosi, Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza wa Burundi.

Nataja haya kwa sababu hali ya vita huelekeza fikra. Askari wakianza kuanguka mmoja baada ya mwingine wakati adui yuko ng'ambo ya ukuta, wazo la sumu halihitaji kusukumwa, linakuja lenyewe. Huku kwetu mitaani mguu ukivimba ghafla watu husema umekanyaga kitu, umetegewa. Daktari ana lugha nyingine, lakini swali lake la kwanza linafanana na hilo kuliko anavyopenda kukiri: ni kitu gani kimemwingia huyu mtu?

Waliyoyatafuta

Mtu mzima aliyevimba miguu humpa daktari orodha ndefu. Figo zinazovujisha protini. Ini lililochoka. Moyo ulioshindwa kusukuma damu, pengine baada ya virusi kushambulia misuli yake. Panapokuwa na homa pia, na watu wanaishi mahandakini palipo na panya, leptospirosisi haiwezi kuachwa. Ndiyo ile ambayo Watanzania waliizoea kwa jina la homa ya mgunda baada ya mlipuko wa Lindi mwaka 2022. Sumu katika maji au mafuta ya kupikia nayo ina historia yake: Delhi mwaka 1998 watu walivimba miguu, wakahema na wengine wakafa kwa sababu ya mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya mbegu zenye sumu za mmea uitwao Argemone mexicana. Ukiweka wagonjwa wa Delhi na wa Mogadishu vitanda jirani, bila maabara na bila kuuliza maswali ungepata tabu kuwatofautisha.

Basi uchunguzi ulifanywa Nairobi na Mogadishu kwa pamoja: wagonjwa walipimwa, mazingira yakakaguliwa, damu ikapelekwa maabara. Vipimo vya mwanzo havikuonyesha kasoro ya damu, wala ya kemia ya mwili, wala vimelea, wala sumu. Kilichoonekana ni matokeo tu. Kati ya wagonjwa 31 waliolazwa Kenya, wanne walikuwa na moyo ulioshindwa upande wa kulia, pamoja na shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu. Kwa kijana wa jeshi, hilo ni jambo la kushtua.

Hapa ndipo penye fundo la kisa. Karibu kila kipimo cha kawaida cha hospitali hutafuta kitu kilichopo: bakteria, virusi, sumu, protini iliyopotea njia, kemikali iliyozidi. Upungufu wa vitamini ni kitu ambacho hakipo, na hakuna anayeuona kwa darubini. Ukipeleka damu maabara bila kusema "pimeni thiamini", majibu yatarudi safi, na usafi huo utakufanya uamini kwamba ugonjwa ni wa ajabu zaidi ya ulivyo. Ningesema majibu safi ya Nairobi yalikuwa tayari ni dalili, ila hakuna fomu ya maabara yenye nafasi ya kuandika hivyo.

Nani aliugua, nani hakuugua

Lililofungua njia ni utafiti wa kulinganisha. Wachunguzi waliwachukua waliougua na wasiougua, wakawauliza maswali yaleyale, kisha wakatazama wametofautiana wapi. Tofauti mbili zilijitokeza. Waliougua walielekea kuwa wale waliokula chakula cha kugawiwa peke yake, bila kuongeza chochote kilichopatikana pale mjini. Na walielekea kuwa wale waliokaa penye hatari kubwa, kwa mfano wanaofyatuliwa risasi kila siku.

Tofauti ya kwanza ingeweza bado kusomwa kama sumu: kama chakula cha kikosi kina kitu kibaya, anayekila sana ndiye atakayeugua. Lakini waliokuwa wazima nao walikula chakula hichohicho. Walichokuwa nacho zaidi ni nyongeza. Chakula cha nje kiliwakinga, na chakula hakikingi mtu dhidi ya sumu aliyokwisha kuimeza. Kinakinga dhidi ya upungufu. Mtu akilitafakari hilo kwa utulivu, nusu ya orodha ya maradhi inaanguka yenyewe.

Tofauti ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, maana ukiisoma harakaharaka haina maana. Risasi hazileti beriberi. Isipokuwa, kwa maoni yangu, zinafanya mambo mawili. Zinamfungia askari kwenye kituo chake, hawezi kufika sokoni wala muuzaji hawezi kumfikia, kwa hiyo anabaki na alichogawiwa. Pia zinamfanya atumie nguvu nyingi zaidi: kubeba, kukimbia, kukesha katika joto la Mogadishu akiwa na fulana ya kuzuia risasi. Mahitaji ya thiamini hupanda pamoja na nguvu anazotumia mtu, kwa makadirio ya kama miligramu 0.5 kwa kila kilokalori 1,000. Askari wa mstari wa mbele alihitaji zaidi na alipata kidogo, wakati mwenzake wa bandarini alihitaji kiasi cha kawaida na aliweza kujiongezea.

Hili pia linajibu hoja ambayo huwa inatolewa kila upungufu unapotajwa: "Mbona sote tunakula chungu kimoja na mimi si mgonjwa?" Wagonjwa 241 katika kikosi cha watu kama elfu tano ni karibu mmoja kwa ishirini. Watu wengi walikuwa karibu na ukingo, walioanguka ni wale waliosukumwa na kitu cha ziada: kazi, homa, kuhara, kukosa hamu ya kula. Homa yenyewe huongeza matumizi ya thiamini, kwa hiyo askari aliyepata malaria wiki ileile angeweza kuvuka ukingo kwa sababu ya malaria, na daktari angebaki akitazama malaria.

Kinachotokea mwilini

Thiamini ndiyo inayowezesha vimeng'enya kadhaa kuigeuza wanga kuwa nguvu. Ikikosekana, mtu anaweza kushiba wali au ugali na bado seli zake zikawa na njaa. Kuni zimejaa jikoni lakini kiberiti hakipo. Wanga ulioshindwa kuungua vizuri hugeuka kuwa asidi ya laktiki na kurundikana.

Mwili mzima wa mtu mzima huhifadhi miligramu kama 25 hadi 30 tu, na mahitaji ya siku kwa mwanamume ni kama 1.2. Hesabu hiyo inatisha ukiitazama kwa makini. Vitamini A hukaa kwenye ini kwa miezi mingi, B12 hata kwa miaka, lakini akiba ya B1 huisha ndani ya wiki chache. Ndiyo maana beriberi inaweza kulipuka kama ugonjwa wa kuambukiza: weka watu wengi kwenye chakula kimoja kwa wakati mmoja, na akiba zao zitaisha karibu wakati mmoja.

Katika beriberi ya maji, ambayo ndiyo iliyowapata wanajeshi hawa, mishipa midogo ya damu hulegea na kutanuka. Damu hurudi moyoni kwa kasi, moyo hulazimika kusukuma nyingi zaidi na zaidi, huku figo zikihisi shinikizo limeshuka na kuanza kuzuia chumvi na maji. Maji hayo hushuka miguuni. Ukibonyeza juu ya mfupa wa muundi kwa kidole, shimo linabaki. Kuna alama moja ambayo muuguzi makini anaweza kuipata bila mashine: mgonjwa wa moyo wa kawaida, moyo uliochoka, mara nyingi ana mikono na miguu ya baridi. Huyu wa beriberi, hasa mwanzoni, miguu yake imevimba na ni ya moto, mapigo yana nguvu, na namba ya chini ya presha imeshuka sana ikilinganishwa na ya juu. Hali ikifika ukingoni moyo hushindwa ghafla, na mtu anaweza kufa kwa saa chache.

Beriberi kavu ni sura nyingine ya upungufu uleule. Hiyo hukamata mishipa ya fahamu: nyayo zinaungua au kufa ganzi, vigimbi vinauma vikiminywa, na mtu akiambiwa achuchumae hawezi kuinuka bila kushika kitu. Upungufu ukifika kwenye ubongo macho huchezacheza, mwendo unayumba na akili inachanganyikiwa. Kwa mlevi watu husema ni pombe tu. Mtoto anayenyonya kwa mama mwenye upungufu anaweza kuugua katika miezi ya mwanzo ya maisha, analia mpaka sauti inapotea, mdomo umefunguka lakini kilio hakisikiki. Dalili za mwanzo kabisa kwa watu wote ni za kupuuzwa: uchovu, hasira za bila sababu, kukosa hamu ya kula. Hii ya mwisho ni mbaya, kwa kuwa inapunguza hata kile kidogo kilichokuwa kinaingia.

Sindano kama kipimo

Kwa kuwa picha ya ugonjwa ilifanana na beriberi ya maji, wagonjwa walipewa thiamini. Nafuu ilikuja haraka mno, kwa namna isiyoacha mjadala mkubwa. Hii ndiyo njia ambayo daktari wa wilaya asiye na maabara kubwa anaweza kuitumia leo. Thiamini huyeyuka kwenye maji, ziada hutoka na mkojo, na madhara ya kuitoa bila kuhitajika ni madogo sana, ingawa mzio mkali baada ya sindano hutokea mara chache na muuguzi anapaswa kuwa tayari. Ukikosea umepoteza fedha kidogo. Usipojaribu, unaweza kupoteza mgonjwa.

Ushahidi wa maabara nao ulipatikana, kwa sababu damu ya wagonjwa 16 ilikuwa imechukuliwa kabla ya matibabu. Kipimo chenyewe kina ujanja ninaoupenda. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna kimeng'enya kinachoitwa transketolesi ambacho hakifanyi kazi bila thiamini. Unapima kasi yake, kisha unamwagia thiamini kwenye sampuli na kupima tena. Kwa mtu mwenye vitamini ya kutosha hakuna kikubwa kitakachobadilika. Kwa mwenye upungufu, kasi inaruka. Yaani maabara nayo inalazimika kuongeza kilichokosekana ili ione kwamba kilikosekana. Wagonjwa wale walionyesha mruko huo.

Nina neno kuhusu matibabu yanayoonekana ya busara lakini yanaumiza, maana yanatokea kila siku katika hospitali zetu. Mgonjwa aliyevimba miguu hupewa Lasix ili akojoe maji. Dawa hiyo ni sahihi kwa wengi, lakini huongeza pia thiamini inayotoka na mkojo. Mwenye akiba tupu anaweza kupungua uvimbe huku moyo ukizidi kudhoofika. Mgonjwa dhaifu asiyekula hutundikiwa dripu ya glukosi. Glukosi ni wanga mtupu, nayo humaliza thiamini iliyobaki. Kwa mama mjamzito aliyetapika wiki kadhaa, kwa mnywaji wa gongo au chang'aa aliyeletwa hajitambui, thiamini inatakiwa itangulie au iende pamoja na glukosi. Hili limeandikwa katika miongozo mingi na bado linasahaulika zamu za usiku.

Gunia na sufuria

Thiamini ya nafaka hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu ambazo mashine ya kukoboa huzitoa na kuwapa kuku. Mchele wa kahawia una takriban miligramu 0.4 katika gramu 100. Mweupe uliong'arishwa bila kuongezewa virutubisho una kama 0.07. Piga hesabu: mtu anayekula gramu 600 za mchele mweupe kwa siku, ambazo ni zaidi ya kilokalori 2,000 na tumbo limejaa, anapata miligramu 0.42 hivi kabla hata mchele haujaoshwa. Anahitaji zaidi ya 1. Kinachomwokoa ni mboga ya kando: maharage, kunde, choroko, mbaazi, karanga, nyama hasa ya nguruwe, maini. Karanga mbichi gramu 100 zina kama 0.6. Mahindi ni yaleyale: dona ina thiamini, sembe nyeupe iliyokobolewa sana imeiacha mashineni.

Kisha jikoni. Mchele unaooshwa maji matatu na kuchemshwa kwa maji mengi yanayomwagwa hupoteza sehemu kubwa ya kidogo kilichobaki. Magadi, ambayo wengi wetu huyatia kwenye maharage au makande yaive upesi, ni adui wa moja kwa moja, kwani thiamini huharibika haraka katika kitu chenye ualkali. Sisemi mtu ameugua beriberi kwa sababu ya magadi ya bibi. Kwa anayekula mchanganyiko wa vyakula haina uzito. Lakini ukishabaki na vyakula viwili vitatu, na maharage ndiyo tegemeo lako pekee la B1, kijiko cha magadi kina maana. Chai nzito ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huizuia pia thiamini isitumike mwilini, na vivyo hivyo popoo kwenye tambuu.

Majeshi yamekuwa yakijifunza jambo hili na kulisahau kwa zaidi ya miaka mia moja. Meli ya mafunzo ya Japani, Ryujo, katika safari ya 1882 hadi 1883 ilikuwa na mabaharia 376. Waliougua beriberi walikuwa 169 na waliokufa 25. Daktari wa jeshi la majini, Takaki Kanehiro, alibadilisha chakula, na mwaka 1884 meli nyingine, Tsukuba, ikapita njia ileile bila kifo hata kimoja cha beriberi. Sababu aliyoitoa haikuwa sahihi, alidhani ni upungufu wa protini, lakini sahani aliyoipanga ilikuwa sahihi. Jeshi la nchi kavu halikumsikiliza. Katika vita na Urusi vya 1904 na 1905, wanajeshi wa Japani waliokufa kwa beriberi walihesabiwa kwa maelfu mengi, huku wakubwa wa idara yao ya tiba wakiendelea kuamini kwamba kuna kijidudu. Naye daktari Mholanzi Christiaan Eijkman kule Batavia, Jakarta ya leo, alianza kwa kuwinda kijidudu, mpaka kuku wa maabara walipomwonyesha kwamba tofauti iko kwenye mchele; kazi hiyo ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Fikra iliyowachelewesha wao ndiyo iliyokuwa mezani Mogadishu: nini kimeingia?

Kuwa na teknolojia hakumkingi mtu. Israeli mwaka 2003 watoto wachanga waliugua na wengine wakafa kwa sababu maziwa ya soya waliyonyweshwa, yaliyotengenezwa Ujerumani, hayakuwa na thiamini ya kutosha. Chupa zilikuwa safi na hazikuwa na sumu.

Baada ya kugundua

Mogadishu, wanajeshi wasiougua nao walipewa thiamini kwa jumla, bila kusubiri dalili. Wagonjwa wapya wakapungua na hakuna kifo kingine kilichoripotiwa. Hawakuisha siku moja, ndiyo maana orodha inafika Mei 2010.

Vidonge vilikuwa uamuzi sahihi kwa haraka ile. Lakini anayepanga chakula cha kambi, jela, shule ya bweni au jahazi linalokaa baharini kwa miezi huwa na karatasi yenye kilo, bei na kalori, na kwenye karatasi hiyo mchele mweupe na mafuta huonekana vimetosheleza. Jela ya Abidjan ilipata mlipuko wa beriberi mwaka 2002 na 2003. Sehemu hizi zinafanana kwa jambo moja: mtu hachagui anachokula na hawezi kutoka kwenda kununua kingine. Ningependa kila mpangaji wa aina hiyo aongeze safu moja tu kwenye karatasi yake, miligramu za B1 kwa siku baada ya kupika, na kando yake aandike ni watu wangapi hawana njia ya kufika sokoni.

Kwa mganga au afisa tabibu anayempokea mtu mwenye miguu iliyovimba, maswali ya kuongeza hayafiki dakika tano. Umekula nini juzi, jana na leo, nani amepika, na nini huwa hakuna kabisa? Kwa muda gani? Kuna wengine unaokula nao walio hivi? Umekuwa ukitapika, ukihara, ukinywa pombe, umefanyiwa upasuaji wa tumbo, unatumia Lasix? Halafu shika miguu uone kama ni ya moto, na mwambie achuchumae ainuke. Majibu yakielekea huko, mchome thiamini leo hii, chukua damu kabla ya sindano kama kuna maabara ya kuipokea, na umwangalie kesho asubuhi.